Kitanda cha Pili Huko Lucca

Kwanza, Jumamosi 3 Mei 2025

Mkwe wangu Mama Joy,

Pokea salamu kutoka kwetu Kwanza, wewe na Mzee Jairus, na hata wale kuku wako wakorofi. Huku tuko wazima. Mahindi yamefika magotini, na magugu nayo hayajabaki nyuma. Goti langu la kushoto linasumbua kukiwa na baridi. Je, presha yako imeshuka?

Sasa kaa chini. Viza zimetoka, zote mbili! Kimotho alinipigia jana nikiwa sokoni, nikaangusha debe zima la maharagwe na sikujali. Watu wa soko walidhani nimefiwa. Niliwaambia, "Mwanangu na bibi yake wametuita Italia, mimi na mama ya Joy!" Miaka saba tangu waoane hukohuko, na sisi tunawaona kwa simu tu.

Tunapanda ndege tarehe 28. Joy anasema wikendi hiyo ni ndefu, Ijumaa mpaka Jumatatu, maana Waitaliano nao wana sikukuu ya taifa siku moja tu baada ya Madaraka yetu. Wote wawili watakuwa likizo. Nilimwuliza ratiba, akasema hakuna ratiba. Ati tutatembea juu ya ukuta wa mji wao wa zamani, Lucca, tunywe kahawa, tukae. Siku nne za kukaa! Mimi nikikaa saa moja bila kazi naanza kuhesabu magunia kichwani. Utanifundisha.

Wametuandalia chumba kimoja mle ndani kwao, vitanda viwili. Nimempa Peris wa vitunguu barua hii kwa sababu najua wewe mwalimu hupendi mambo ya wakwe yapitie kwenye simu. Nijibu haraka.

Mkwe wako,
Gladwell


Matulo, Alhamisi 8 Mei 2025

Mkwe wangu Mama Kimotho,

Nakusalimu kwa furaha, na natumaini goti limetulia. Presha yangu ilikuwa imeshuka, lakini barua yako imeipandisha tena, kwa uzuri. Nilimsomea Mzee mara mbili. Mara ya tatu alikimbilia kwa ng'ombe.

Nimeusoma mji huo, unajua ualimu hauishi. Ukuta wake unauzunguka mji wote, na juu yake kuna barabara yenye miti pande zote, pana kiasi kwamba malori mawili ya mahindi yangepishana. Kuna pia mnara umeota miti kileleni! Mwanangu Joy huupita akienda kazini kulea wazee wa watu, na mimi sijawahi kuona anakopita. Nakutumia kitenge cha bluu, nimenunua vipande viwili vinavyofanana, ili tukitembea juu ya ule ukuta watu wajue tuko pamoja.

Lakini mkwe wangu, ng'ombe wetu anatarajia kuzaa mwisho wa mwezi, na Mzee hana nguvu za zamani. Naona ni vizuri utangulie peke yako. Mimi nitaenda siku nyingine, Mungu akipenda. Uniletee picha za huo mnara.

Mkwe wako,
Phelista


Kwanza, Jumapili 11 Mei 2025

Mama Joy,

Salamu. Sisi wazima.

Ng'ombe? Mzee Jairus amezalisha ng'ombe tangu kabla ya Uhuru. Mtu hanunui vitenge viwili vya safari halafu azuiwe na ndama. Si useme tu ukweli. Nyumba ya Kimotho ni ndogo, najua. Yeye ni fundi wa baiskeli, si daktari. Lakini amepaka chumba hicho rangi kwa mikono yake, na Joy ameshona mapazia. Kama nyumba ya mwanangu haikutoshi, ungesema mapema, nisingewatangazia watu wa soko.

Kitenge chako kinarudi na Peris. Sijakikata.

Gladwell


Matulo, Jumamosi 17 Mei 2025

Mkwe wangu Gladwell,

Nakusalimu kwa aibu. Nimekaa na barua yako siku tano nikitafuta namna ya kujibu. Wewe uko sawa, ng'ombe hana hatia.

Kwetu Wabukusu mama halali chini ya paa la mkwe wake wa kiume. Hamshiki mkono, hali naye meza moja, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Si chuki, ni heshima, tena heshima kubwa kuliko zote tulizo nazo. Mama yangu alikaa hivyo na Jairus mpaka alipozikwa, na hakuna mkwe aliyependwa kuliko Jairus. Nikilala katika chumba alichokipaka rangi Kimotho, nitakuwa nimemvua nguo mbele za watu wangu. Usingizi hautakuja.

Kukuambia wazi niliogopa. Nilijua kwenu hamna jambo hili, nikaona utasema ni ushamba, au Joy akisikia atajilaumu kwa kuolewa mbali na sisi. Basi nikamsingizia ng'ombe. Nisamehe. Nataka kumwona mwanangu mpaka kifua kinauma, lakini sijui nitalala wapi.

Mkwe wako,
Phelista


Kwanza, Jumanne 20 Mei 2025

Mama Joy, mkwe wangu, mwalimu mzima anayedanganya kwa ng'ombe,

Hujambo wewe! Goti langu limepona leo kwa sababu nimeruka.

Bana, ungeniambia! Nilimpigia Kimotho kabla sijamaliza kusoma. Akasema, "Mum, hiyo ilitakiwa nijue mimi." Jioni akapiga tena. Nyuma ya karakana yake ya baiskeli kuna masista wenye nyumba ya wageni, karibu kabisa na ule ukuta. Amekuchukulia chumba huko. Kina vitanda viwili.

Usiulize cha pili ni cha nani. Nitalala hapo mimi. Joy alisema nibaki kwao kwenye chumba chenye mapazia, nikamwambia sitakoroma nyumbani kwa mwanangu na mkwe wangu amelala peke yake kwa masista wasiojua Kiswahili.

Na kwa vile umesema ukweli, na mimi niseme. Ulipokataa, hasira yangu nusu ilikuwa woga. Sijawahi kupanda ndege. Kiingereza changu ni cha kuuzia mahindi. Peke yangu nisingeenda, ningetafuta ng'ombe wangu.

Mpe Peris kile kitenge leo leo. Fundi anasubiri na cherehani iko wazi.

Mkwe wako,
Gladwell


Lucca, Jumapili 1 Juni 2025

Gladwell,

Umeamkaje? Najua jibu, bado unakoroma. Naandika kwenye karatasi ya masista, na nitaiweka juu ya kitenge chako ndio uione ukivaa.

Nakwambia kitu ambacho mdomo wangu utashindwa mbele ya watoto. Kila asubuhi kengele inalia chini, tunakuta mkate wa moto na chupa ya chai ya maziwa mlangoni, na wewe unasema Joy ameleta. Leo nilichungulia dirishani. Ni Kimotho. Aliweka kikapu, akavuka barabara, akasimama amenipa mgongo, asije akanikuta uso kwa uso nikitoka. Kijana wa Kwanza, hakulelewa na mila hii, anasimama hivyo katikati ya Waitaliano wanaokwenda misa.

Nilifungua dirisha nikamsalimu kwa lugha yetu, "Mulembe." Hakugeuka. Akavua kofia akajibu, "Mulembe, mayi." Mayi! Mama! Kwa Kibukusu, na "l" yake, inayowasumbua watu wa kwenu, imekaa sawa kuliko ya kijana wetu Wamalwa.

Miaka saba, Gladwell, nilikuwa najiuliza nimempa nani mtoto wangu. Sikukuambia hilo pia. Leo nimejua, na nimelia kwa masista mpaka mmoja akaniletea maji.

Joy anatungoja juu ya ukuta kwa ile kahawa, na hakuna ratiba. Amka, chai inapoa.

Dada yako,
Phelista