Pete Iliyokuwa Kwenye Kopo la Vifungo

S.L.P. 318,
9 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Sijui kama bado unashona au macho yamekukatalia. Sisi wazima, ila kwangu usingizi ni wa kuibia. Mwanangu mdogo anaota meno, na mkubwa, wa miaka sita, ana maswali kuliko polisi.

Wiki iliyopita huyo mkubwa alichomoa stoo ule mchezo wa marehemu Babu. Ubao wa katoni aliouchora mwenyewe, vyumba vyote vya nyumba yetu. Vifungo vya nguo ndio wachezaji. Bahasha yenye kadi tatu: nani kaiba, chumba gani, saa ngapi. Kila Jumapili tulibishana mpaka chai inapoa, na Babu akinionya, "Ukijua jambo, kadi kifuani. Usionyeshe mpaka uulizwe."

Mtoto akataka kujua kifungo cha bluu ni cha nani. Nikamwambia aende kuoga.

Shangazi, ni chako, na nina jambo nimelifungia mdomo tangu nina miaka minane.

Ile Jumapili pete ya marehemu Bibi ilipopotea, Babu alitukalisha mezani akasema leo tunacheza kweli. Baba akajitoa, alikuwa gereji. Mama akajitoa, alikuwa sokoni. Ukabaki wewe. Ukacheka: "Jamani, hata kwenye mchezo sijawahi kushinda, leo wizi ndio nimeuweza?" Hakuna aliyecheka nawe. Kesho yake ukafunga begi.

Mimi nilikuwa nimemwona Babu, kwa macho yangu, akiiweka pete ile kwenye kopo la vifungo, karibu na cherehani yake. Aliificha, akasahau. Nilikaa pale mezani nikisubiri niulizwe, nishinde, wote wanipigie makofi. Hakuna aliyeniuliza. Ulipoondoka nikaogopa kuchapwa, nikanyamaza.

Baada ya miezi minne Babu alikuwa akitafuta kifungo cha shati, akaiona. Aliutupa mchezo stoo siku hiyohiyo. Hakusema kitu mpaka anakufa. Hukuja kumzika, na mimi sikukulaumu.

Ningeweza kusema nilikuwa mtoto. Lakini nilipofika miaka kumi na tano sikuwa mtoto tena, na ishirini, na siku ya harusi yangu ulipokosekana. Nisamehe ukiweza. Kama huwezi, ni haki yako. Sikuandikii ili urudi. Nataka ujue kwamba hukuwa mwizi, na sote humu ndani tunajua.

Juzi nililisema hili mbele ya wazazi wangu. Mama akasema mambo ya zamani tuyaache. Nimemkatalia, kwa heshima, lakini nimemkatalia. Amelia. Anakusalimu kwa aibu.

Nikauliza nitakupataje. Baba akatoa pochi, akachomoa karatasi yenye anwani yako, imechakaa kwenye mikunjo. Miaka yote hiyo anatembea nayo. Akasema, "Andika wewe. Mimi nikianza, 'Dada, shikamoo,' mkono unaishia hapo."

Kwa hiyo pokea shikamoo ya mdogo wako, na ya wanangu wawili usiowajua. Mungu akutunze, akupe wepesi wa moyo sisi tuliokuondolea.

Ni mimi, mtoto wa mdogo wako, ninayekupenda na kukuonea haya,

Chiriku.