Kumruka Samaki Mara ya Pili

Dada yangu mpenzi Bayya,

...na bado hukuniamini, nilikusikia ukicheka simu ilipokatika! Basi naandika, maana barua haikatiki. Hujambo lakini? Mama miguu imepoa? Wanao umewabusu kwa niaba yangu? Hapa Sfaksi sisi wazima, na mimi nakaribia kuwa mzima, utaona.

Dada, sikupata mume, nimepata mbalamwezi! Lasaadi akirudi kutoka kutengeneza friji za watu, ufunguo ukigusa tu mlango, moyo ulikuwa ukinipiga hadi nausikia masikioni. Nilikuwa silali. Alfajiri nafagia ua, nafua nguo zilizo safi. Chakula hakipiti, na gauni la harusi leo lingenipwaya. Nikajiambia, ndiyo haya mapenzi tuliyokuwa tukiyasoma chini ya blanketi.

Ila mama mkwe, Bi Shadlia, alikuwa hanibanduki. Nikimimina kahawa mikono ikitetemeka, jicho lake liko shingoni kwangu. Niliona chuki tupu. Nikamwambia Lasaadi kwamba mkufu alionipa, mama yake anautamani. Tukagombana, nikavunja bakuli, nikalia, nikacheka, yote kabla ya chai.

Shangazi yake Lasaadi, Manubia, naye akawatangazia wanawake wote kwamba siku ya harusi, nilipomruka samaki wa baraka kama desturi ya huku kwa kila bibi harusi, nilitanguliza mguu wa kushoto, ndiyo maana nahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia. Lazima nirudie! Akanunuliwa samaki mwingine, mkubwa, akalazwa uani na utepe mkiani. Vigelegele juu. "Ruka, bibi harusi, na leo uangalie mguu!" Nikaruka. Sikufika ng'ambo, dada. Miguu iliniishia nguvu nikamkalia samaki. Walicheka hadi Manubia akashika ukuta. Bi Shadlia peke yake hakucheka. Alipiga magoti kwenye magamba, akanipapasa shingo, akasema dada yake alivimba hivihivi na macho yakamtoka hivihivi, kwamba kesho tunakwenda kwa daktari, na mwenye neno la samaki akamle.

Kumbe hakuwa akiutazama mkufu.

Daktari, mama mmoja mcheshi, alinieleza kwamba tezi ya shingoni mwangu inamwaga homoni kupita kiasi. Hiyo ndiyo inayoukimbiza moyo na kufukuza usingizi, na mtu akishachemka hivyo, anaweza kuuona uso wenye wasiwasi akadhani ni wa adui. Akanipa vidonge, kimoja cha kutuliza moyo upesi, kingine cha tezi, cha polepole.

Sasa la moyoni, na mama asilijue. Sikuvimeza. Nilivifukia kwenye chungu cha mnanaa. Niliogopa, dada! Kama mbio zile zilikuwa za tezi, mapenzi yangu ni yapi? Nikipona nikamkuta mgeni kitandani? Mwisho nilishindwa, nikamwambia Lasaadi mwenyewe. Akasema yeye hakuoa tezi, na kwamba amechoka kunitazama nikiyeyuka. Nimeze, nimwone alivyo, na nikimkuta mbaya basi tutamtia rangi kama friji kuukuu.

Nikameza. Siku iliyofuata ufunguo uligusa mlango na moyo wangu haukustuka. Nilibaki jikoni nimeganda kwa hofu. Akaingia. Bayya, kumbe ana kovu kidevuni! Kumbe bega lake moja limeshuka kwa kubeba mashine, na jioni huwa amechoka kweli. Siku zote nilikuwa nautazama moto wangu tu. Nikamvutia kiti, nikamkatia mkate, na hakuna kilichonisukuma. Nilitaka tu akae. Leo pia nimetaka akae.

Hata hivyo sijatulia. Kila asubuhi nikiamka namchungulia kwanza, nione kama bado namtaka, naye hujifanya amelala. Wewe ndiye unayenijua tangu sina meno, nitazame ukiniona naye, uniambie ukweli bila kunionea haya.

Bi Shadlia anakusalimu sana, na mkono wake ninaubusu sasa kwa moyo mweupe. Mbusu mama, wabusu watoto mmoja mmoja. Andaa godoro la wawili, dada, kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa Gabesi mlangoni kwako.

Mdogo wako akupendaye,
Dalenda