Mbwa wa Nyuma ya Duka la Sharifu

Jumatatu, 14 Machi 1938
Chai, kisha dimbwini, nyuma ya duka la jirani. Chura dume bado yupo, mpana kuliko kiganja changu. Viluwiluwi wamemzunguka, weusi, wamesongamana kama mtama ndani ya ungo. Kiangazi chote alijizika ardhini, amejifunga ngozi kavu kama karatasi, akingoja mvua. Baada ya kutaga, wenzake wote waliondoka. Yeye kabaki. Kwa nini?

Nilimwambia Mzungu mmoja wa mjini, mtafiti wa wanyama, kuwa wazee wa kwetu bara husema chura huyu huwachimbia wanawe mfereji hadi penye maji dimbwi likikauka. Akauliza: umeona kwa macho yako? Sikuwa nimeona. Akacheka. Kicheko kile bado kinanikera.

Jumanne, 15 Machi
Sharifu Omari, jirani yangu, kanisimamisha dukani kwake mbele ya wateja.
"Mwalimu, tumeishi kwa wema. Huyo mbwa wako utamtoa lini?"
"Mbwa gani, Sharifu?"
"Abweka nyuma ya duka langu kila mvua ikinyesha, nawe waniuliza mbwa gani!"
Nikampeleka dimbwini. Akachokoa maji kwa bakora. Chura akabweka, akairukia bakora na kuing'ata. Sharifu akaruka nyuma, kiatu kimoja kikabaki topeni.
"Astaghfirullahi! Chura ana meno?"
Nikamweleza: zile ni ncha za mfupa kwenye taya la chini, si meno hasa. Na kubweka ndiyo sauti yake. Alisikiliza kuliko nilivyotarajia.

Alhamisi, 17 Machi
Hakuna mvua. Dimbwi linanywea. Leo nimemwona akimeza kiluwiluwi. Nimechukia. Mlinzi gani huyu? Lakini muda mfupi baadaye alimrukia kunguru aliyekuja kudonoa, akamfukuza. Nimeandika yote mawili. Siwezi kuandika lile linalonipendeza tu.

Ijumaa, 18 Machi
Watu wa afya wanapita mitaani kumwaga mafuta madimbwini, kuua mbu. Jumatatu ni zamu yetu. Mafuta yakitanda juu ya maji, viluwiluwi hawatapona. Siwezi kuwalaumu wale watu. Mwaka jana tulizika mjukuu kwa homa.

Mke wangu kachoka nami. "Baba Elia, chukua jembe uwachimbie mfereji, yaishe."
Nikamwambia nikichimba mimi, sitajua kama chura angechimba.
"Na wakifa utakuwa umejua nini?"
 

Jumamosi, 19 Machi
Ameanza! Kageuza mgongo, anasukuma tope kwa miguu ya nyuma. Upande wa jaruba la mpunga, palepale penye maji. Sikukosea. Wazee hawakukosea.

Jua lilipopanda akaacha. Mfereji umefika nusu. Nimekaa mpaka magharibi, hakurudia. Nimeinuka, nimekaa, nimeinuka tena. Mimi niliyefundisha watoto wa watu subira.

Jumapili, 20 Machi
Nilitangulia kanisani. Ibada ilikuwa ndefu, sikusikia neno. Niliporudi, dimbwi tupu. Mfereji umefika jarubani, viluwiluwi wamejaa kati ya mashina ya mpunga, baba yao naye yumo.

Kisha nikaona alama za jembe.

Sharifu akatokea, tope hadi magotini, uso umemnawiri. "Nimewafungulia, Mwalimu! Maji yalibaki ya kulowesha kidole tu. Yule baba ahangaika peke yake, nami mtu mzima nimesimama namtazama? Nikaona haya."

Nilitaka kumfokea. Nilitaka sana. Nikasema ahsante.

Jumatatu, 21 Machi
Watu wa afya wamekuja, wamemwaga mafuta juu ya tope tupu. Jarubani hawakugusa.

Nimemwandikia Mzungu. Nusu ya mfereji nimeiona ikichimbwa kwa macho yangu. Nusu ya pili ni kazi ya jirani yangu, na kama chura angeimaliza, sijui. Acheke nusu aitakayo.

Alasiri mvua imenyesha. Sharifu kaja na mwavuli, tumesimama kando ya jaruba. Mpungani kitu kimebweka, mara moja, kikanyamaza.

"Mbwa wako huyo, Mwalimu," akasema, akauinamisha mwavuli upande wangu.