Zaina, Tamali Bado Anakuitikia

Zaina, mwenzangu,

Nimeomba ruhusa kwa mama yako kabla ya kuandika. Nilimkuta uani anachambua mchele, nikamwambia nina maneno yako yamenikaa kifuani. Akasema, "Mwandikie, mwanangu. Sisi tunamsomea dua. Wewe wa Bujonde fanya unavyojua." Basi nafanya ninavyojua.

Hapa bwenini kitanda chako kipo pale pale, ila godoro tumeliegemeza ukutani. Hakuna aliyekubali kukilalia. Aliletwa mwanafunzi mpya kutoka Songea, akaweka sanduku lake juu ya chaga, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshaliondoa mwenyewe. Tulipomuuliza, akasema chuma kina maji. Niligusa. Kilikuwa kimelowa kweli, Zaina, na mvua zilikwisha zamani, na paa letu halivuji upande ule.

Ngoja nikueleze yaliyotokea, maana sijui huko uliko unaona kiasi gani.

Unakumbuka ilivyoanza. Sekela wa humu bwenini alikaanga nyama ya nguruwe kwenye kikaango chako. Ulipomuuliza, akacheka. "Nyama ni nyama, dada. Moto umeshaitakasa." Nilidhani utalia, au utakwenda kwa matroni. Ulikaa kitandani, ukaniambia, "Tuse, huyu hanichukii. Hanijui tu." Kesho yake ukaanza habari za Alasiri ya Kujuana. Kila msichana wa bweni apangwe na mwenzake wa kabila jingine au dini nyingine. Ajifunze salamu ya kwao, apike chakula cha kwao, halafu asimame mbele ya wote aeleze kwa mwenzake wanaheshimu nini na kwa nini. Matroni alilipenda wazo, ila akasema chuo hakina kitu, siku hizi hata chaki ni kuchangia. Ukamjibu kwamba sahani utazileta kutoka dukani kwa baba yako.

Tulipopanga jozi, Tamali alibaki. Tamali Mkisi wa ufukweni, asiyesema sana, ambaye wenzake walikuwa wamesogeza vitanda vyao mbali na chake. Walisema Wakisi wanazungumza na ziwa. Walisema akiamka, nyayo zake zina mchanga mbichi. "Nitakuwa naye mimi," ulisema, kama mtu anayechagua mahali pa kukaa. Mkawa mnakutana kwenye ngazi za jikoni, anakufundisha salamu ya Kikisi, na silabi ya mwisho inakushinda. Ulikuwa unaivuta kama unaimba. Tamali alicheka mpaka akajifunika uso na kanga. Hatukuwahi kukisikia kicheko chake kabla ya hapo.

Kisha ukaenda mjini kuchukua sahani.

Mto ulikuwa umefunika daraja, watu wanavushwa kwa mtumbwi. Walikuona umepakata zile sahani umezifunga kwenye kanga, unamtania mvushaji. Mtumbwi ulipopinduka, mvushaji alitoka akiwa hai. Wewe hukutoka. Baba yako na wanaume wa vijiji vya Ngana na Talatala walipita kingo zote na miti mirefu, wakichokoa maji, mpaka sauti zao zikakauka.

Sisi tulikuwa bwaloni tunakula mchana, jua linawaka, wakati Tamali alipoinua kichwa akaitika. Aliitika kwa Kikisi, kama mtu aliyeitwa kutoka mlangoni. Wote tuligeuka. Mlangoni hapakuwa na mtu. Akaweka tonge chini, machozi yanamtiririka, akamwambia matroni, "Zaina yuko kwenye matete ya mdomo wa mto, upande wa kwetu. Anaona baridi."

Ulikuwa huko huko.

Wanawake wa Kikisi ndio waliokuona kwanza. Walikuwa wamekufunika kwa kanga zao wenyewe, wakakaa kukuzunguka bila kukugusa tena, kwa sababu Tamali aliwahi kuwasimulia juu yako, wakajua una watu wako wa kukuosha. Baba yako alipofika aliwashukuru kwa Kinyakyusa chake cha dukani, "Ndaga, ndaga fijo," akarudia na kurudia, hana neno lingine.

Alasiri ile ile ulizikwa. Mimi nilitaka kufuata jeneza. Kwetu tungekwenda wote, tungelia kwa sauti, tungejitupa kwenye matope. Mama yako akanishika mkono. "Wanawake wa kwetu hatufiki makaburini, mwanangu. Kaa na mimi." Nikakaa. Sijawahi kuumia kwa ukimya kama siku ile.

Sasa sikia yaliyofuata. Sekela alisema bwenini, wazi, wote tukisikia: "Aliyejua alipo ndiye aliyempeleka." Neno hilo likashika kama moto kwenye nyasi. Wasichana wakaacha kuchota maji kwenye ndoo aliyoigusa Tamali. Mmoja akaning'iniza msalaba juu ya mlango, mwingine akamwandikia mjomba wake aje amchukue. Mwishowe wakamfuata mkuu wa chuo wakasema yeye au sisi. Mkuu, ambaye hapendi kelele, akamwambia Tamali afungashe, arudi kwao juma likiisha.

Nilikwenda kwa matroni nikamwomba Alasiri ya Kujuana ifanyike kabla Tamali hajaondoka.

"Watu wana msiba, mwanangu, wewe unataka ngoma?"

"Si ngoma, matroni. Ni kazi aliyoiacha Zaina."

Akafungua kabati akanipa ufunguo wa bwalo.

Nilimwalika baba yako bila kutumaini. Alikuja, Zaina. Amevaa kanzu, amekonda, amebeba gunia la mchele begani mwenyewe, na sahani mpya. Akakaa nyuma, karibu na mlango.

Alasiri ile kungu, wale wadudu wa ziwani, waliinuka juu ya maji kama moshi wa shamba zima kuungua. Wingu lao likaja nchi kavu, likagandamana madirishani, bwalo likawa jeusi na bado ni mchana. Tulifunga madirisha. Tukawa tunasikia mabawa yao tu, kama mchanga unaomwagwa taratibu.

Tukaanza hivyo hivyo. Msukuma aliamkia kwa Kingoni. Msichana wa Ngana alieleza kwa nini mwenzake wa Kilwa anafunga Ramadhani, akajichanganya, wakacheka wote wawili. Nilianza kupumua. Kisha jozi zikaisha, akabaki Tamali. Alisimama katikati, na kiti kilichokuwa chako kilikuwa wazi mbele yake, kwa kuwa sikuthubutu kukiondoa.

Aligeukia kiti. Akasema, vizuri kabisa, "Asalaam aleikum, Zaina."

Na ukajibu.

Sijui niandike vipi jambo hili watu wasiseme nimerukwa na akili. Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu aliyemeza maji. Ilikuwa ni ile salamu ya Kikisi, na silabi ya mwisho ukaivuta. Sekela aliangusha bakuli la usipa, wale dagaa wa ziwani, aliloshika. Msichana wa Songea hakusikia kitu, ameapa hakusikia. Matroni mpaka leo hasemi kama alisikia au la. Ila baba yako alisimama. Alitembea kati ya meza mpaka mbele ya Tamali.

"Anasema nini mwanangu?"

"Anauliza nimeamkaje, baba."

"Basi mjibu. Usimwache mtu na salamu."

Tamali akajibu. Hata kungu nje walinyamaza, au mimi ndiye niliyeziba masikio.

Baba yako akageukia sisi. Hakupaza sauti. "Mnasema huyu amempeleka. Mimi nilipita kingo zote naita jina la mtoto wangu, sikusikia jibu. Huyu alikaa naye kwenye ngazi zenu, akamjua, ndiyo maana alimsikia. Mkimfukuza huyu, mtoto wangu ataongea na nani hapa?"

Akaketi kwenye kiti kilicho karibu na Tamali, akaomba chakula. Tukampakulia wali na usipa na mbalaga ya ndizi aliyopika Sekela, na akala, na Tamali akala naye sahani moja.

Tamali hakuondoka. Mkuu wa chuo alisema jambo limekwisha, tusilizungumze. Wasichana wawili walichukuliwa na ndugu zao na hawajarudi. Sekela hajaomba radhi kwa mtu, hana mdomo huo, lakini asubuhi moja tulikuta amekisogeza kitanda chake karibu na cha Tamali, na kati yao hakuna hata nafasi ya kupitisha ndoo. Tumekubaliana kila muhula tufanye Alasiri ya Kujuana. Wavulana nao wameomba.

Ila kuna jambo, Zaina, na ndilo lililonishikisha kalamu.

Bado unamwita. Anapofua, anapoandika darasani, anainua kichwa anaitika, kisha anatuangalia kwa aibu. Amekonda. Sekela anamlisha kwa mkono kama mtoto. Sikulaumu. Najua ulivyokuwa, hukuweza kumpita mtu bila kumwamkia. Lakini Tamali amebeba peke yake kitu ambacho kilikuwa chetu wote, na mimi nilikuwa rafiki yako kabla yake.

Kwa hiyo nimemwomba anifundishe. Tunakaa jikoni baada ya masomo, naisema salamu yao na jibu lake, mpaka ulimi unazoea. Ninaogopa, sikufichi. Nikisikia kandambili zikipita uwanjani, nadhani ni wewe.

Mwache Tamali apumzike, mwenzangu. Lala kwa amani, kama tunavyosema kwetu, Kyala akulinde, na kama mama yako anavyosema, Mungu akupanulie kaburi lako. Lakini ukishindwa kulala, ukitaka kumwamkia mtu, njoo upande wangu, kitanda cha dirishani. Niite mimi. Nakuahidi nitaitika.

Wako,
Tusekile