Jezi za Mtaa Wetu

Mjukuu na mume wangu Idrisa,

Marahaba. Shikamoo yako imetufikia huku Kariakoo. Mama yako mzima, mimi mzima, ila goti limeanza tena ukorofi wake.

Unaniuliza ni timu gani ninayoisifu kila siku na kwenye simu yako huioni. Utaionea wapi? Ilikuwa timu ya mtaa, ina seti moja tu ya jezi, na kila nyumba ilitunza jezi moja. Kwetu ilikaa namba saba, basi hata mimi nikaitwa Namba Saba. Asubuhi ya fainali mvua ikazilowesha zote kambani. Kila baraza ikawasha pasi ya mkaa! Mtaa mzima ulifuka mvuke, wabeba mizigo wa sokoni wakatua magunia, wakasimama kutazama. Timu ilipoingia uwanjani, mama yangu aliitazama ile jezi tu, akaninong'oneza, "Ona, nyumba yetu inakimbia."

Tulishinda, tukapanda daraja. Akaja tajiri na jezi mpya, zikawa zinapelekwa kwa dobi. Sisi tukabaki watazamaji, kisha hata kutazama tukaacha. Timu ikafa taratibu.

Leo mtaani pale ni maghorofa matupu. Lakini juzi nikiwa nanunua nazi, mzee mmoja alinikazia macho, akapaza sauti, "Namba Saba!" Nikamjibu, "Kumi na Moja!" Tulicheka mpaka machozi, na mpaka tunaagana hakuna aliyemuuliza mwenzake jina.

Bibi yako,
Namba Saba