Nafasi ya Mbele kwenye Lori la Mpui

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla barabara haijakauka, maana mimi ni mwalimu niliyestaafu, nilisomeshwa na mapadre tangu enzi za Mjerumani, na sasa mapafu yangu yamechoka na daktari Mwingereza amenieleza bila kunificha kwamba sitaziona mvua zijazo, na kwa hilo silalamiki, nimeishi vya kutosha. Kinachoninyima raha ni uongo niliowaambia watoto wa darasa la vidudu ninaowafundisha uani kwangu, hapa Katandala.

Darasa lenyewe ni kishamba tu. Tunafukia nyasi na kuinua ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo kila Mfipa amekulia kando yake, na papo hapo tunahesabu mbegu za maharage, tunaimba, tunachora kwa kijiti wadudu tuliowafukua, tunajifunza kupokezana jembe bila kupigana, na asubuhi ukungu ukishuka siwaoni, nasikia sauti tu zikihesabu ndani ya ule weupe, na siku hizi nikisinzia kitini sijui tena kama ni wao au ni sisi wa zamani, na mama yangu akiimba upande wa pili wa tuta.

Sasa, juzijuzi Fransiska, mtoto wa miaka mitano, alimkuta binti yangu Kristiana akilia jikoni, akisema, "Baba anatuacha." Akanijia mbio.

"Babu, unakwenda wapi?"

Nikataja mahali pa kwanza palipokuja kinywani, Mpui, nilikozaliwa.

"Mpui kuna watoto?"

"Wako."

"Hawana babu yao?"

"Wanaye."

"Basi wewe wanakutakia nini?"

Nikacheka mpaka nikakohoa, nikadhani yameisha, kumbe ndiyo yameanza, maana kila asubuhi wananiletea chakula cha njiani, huyu karanga, huyu kiazi cha kuchoma, na Saad akamsumbua baba yake, Bwana Mwinjuma mwenye duka Majengo, hata jana akaja mwenyewe akaniambia, "Shikamoo, Mwalimu. Tope likikauka lori langu linakwenda Mpui. Nimekuwekea nafasi mbele, karibu na dereva." Nami nikamshukuru! Kristiana anasema, "Baba, waache waamini, ni watoto." Je, nipande nikafie huko ili neno langu liwe kweli, au niwaambie na kuziona nyuso zao?

Eustaki, Katandala

*

Shikamoo, Mwalimu Eustaki. Nakuamkia mapema, kwa sababu yanayofuata hayana adabu sana.

Kwa mapafu nakupa pole. Kwa uongo sikupi. Watoto hao umewafundisha nyasi zikifukiwa zinakuwa nini, wamezishika kwa mikono yao wenyewe, halafu zamu yako ilipofika ukaona hawataelewa? Aliyeogopa ni wewe, si wao. Na habari ya kwenda kufia mbali na binti yako kwa ajili ya aibu, iache kabisa. Umri huo!

Fanya hivi. Asubuhi vunjeni tuta moja, uwaambie wakutafutie nyasi mlizofukia. Hawatazipata. Watapata udongo mweusi na mizizi ya maharage. Hapo hapo waambie: Babu atakufa, atazikwa, hatarudi. Sema "kufa". Usiseme "kulala", wasije wakaogopa vitanda vyao. Watalia, lia nao. Fransiska atakuuliza magumu. Unalolijua mjibu, usilolijua sema hulijui.

Kisha mweleze Bwana Mwinjuma ukweli, lakini nafasi yako usiirudishe. Lori likija, Kristiana awapandishe watoto wote nyuma, nawe ukiwa na nguvu kaa mbele ulipowekewa, uende na kurudi nao. Kama huna, waende bila wewe. Njiani wajilie viazi na karanga walizokuletea, waione Mpui, nyumba zake, watoto wake na babu yao, warudi na lori hilo hilo.

Maana mtoto asiyefika Mpui, Mwalimu, kila lori litakalotoka huko atakimbilia barabarani kuangalia kama umo.