Kiwiliwili Kipya cha Besi ya Baba Aneth

Jumanne, 8 Aprili
Mvua tena. Karakana inanuka thina ya rangi na unyevu. Nimepiga msasa kabati la mteja tangu asubuhi, mabega hayana hali. Halafu nikafungua gitaa la besi la mume wangu, Baba Aneth. Nyuzi, shingo, pikapu za kunasa sauti, nyaya, vyote kando. Kikabaki kiwiliwili, cheusi, kizito kama jiwe la kusagia. Uzito huo ndio umemshinda. Tangu apasuliwe mgongo hamalizi nyimbo mbili akiwa amesimama nalo. Kiongozi wa bendi kamwambia wazi: harusi ya Bukoba, Jumamosi ya tarehe tatu Mei, asimame mwanzo hadi mwisho. La sivyo Justus, kijana anayemshikia nafasi, abaki moja kwa moja.
Amekubali nimtengenezee kiwiliwili chepesi. Kukubali kwa kununa.

Ijumaa, 11 Aprili
Nimechora umbo kwenye ubao wa muhumula, mti wa huku kwetu. Mwepesi, umekauka darini miaka. Fundi mwenzangu kaukata kwa mashine, patasi nimeshika mwenyewe. Tundu la shingo halitaki mchezo. Likilegea, sauti zote zinakwenda upande.
Baba Aneth alikuja, akakaa juu ya ndoo ya rangi, akatazama.
"Huo si mti wa gitaa. Huo ni mti wa majeneza."
Nikaendelea kuchonga. Akaondoka. Nimeumia.

Jumatano, 16 Aprili
Shingo imebana vizuri. Sila ya kuziba vinyweleo vya mbao, msasa, sila, msasa. Vidole vimechubuka. Anataka rangi nyeusi kama ya zamani. Sawa, nyeusi. Nyumbani nimemkuta amelala ubavu. Nimepika, tumekula kimya.
Nimechoka na mgongo wake. Nimechoka zaidi na kimya chake.

Ijumaa, 25 Aprili
Pasaka imepita na mvua yake. Nyeusi ilikauka vizuri. Vanishi ya juu imeharibika. Niliipuliza wakati hewa ina unyevu, maana siku zinakwisha. Ukungu mweupe umetanda kote. Miaka yote kwenye kazi hii na bado nimeharakisha. Nimekwangua mpaka kwenye mbao. Nikalia, nikasingizia vumbi.
Muda wa kupaka nyeusi upya haupo tena. Sijamwambia.

Jumatano, 30 Aprili
Jua, hatimaye. Vanishi isiyo na rangi, nyembamba, mara kadhaa. Imeshika. Mbao imetoka ya manjano, mishipa yake yote inaonekana. Nikafunga kila kitu, nikaweka nyuzi, nikambebea nyumbani. Nilijiandaa kwa ugomvi wa rangi. Aliigeuza mbele na nyuma. Akavaa mkanda, akasimama, akapiga.
"Mama Aneth, sauti yake imekuwa nyingine."
"Mbaya?"
"Nyingine."
Akaendelea kupiga, amesimama. Naogopa Jumamosi.

Jumapili, 4 Mei
Tumerudi nyumbani Muleba. Niandike ya jana.
Alisimama maharusi walipoingia. Alisimama wakati wa keki. Zawadi zilipoanza niliona goti linatetemeka. Shughuli ilikuwa bado nusu. Nikainuka nimpelekee kiti, akanikatalia kwa kichwa. Wimbo ulipoisha akavua mkanda mwenyewe, akamvika Justus aliyekuwa kando ya jukwaa. Kijana akasita.
"Shika. Nyepesi hii, haitakuchosha."
Akashuka jukwaani polepole, akaja mezani kwangu. Kiongozi wa bendi akamfuata.
"Waitu, ndugu yangu, umejitahidi, lakini unajua tulivyokubaliana..."
"Najua. Justus abaki."
Alisema bila sauti kukatika. Mimi ndiye niliyesukuma sahani kando.
Tangu tuoane, kwenye harusi za watu yeye huwa jukwaani, mimi nakaa na mabegi ya vyombo vya muziki. Jana tulikaa pamoja, kama wageni wengine. Justus akapiga. Nilihisi mlio ule kwenye ubao wa meza, chini ya viganja.
"Unasikia?" akaniuliza. "Inaimba ile."
Leo mgongo unamuuma sana. Nimemlaza kifudifudi, nimemkanda kwa maji ya moto. Hakununa. Tulizungumzia gauni la bibi harusi, na mjomba wake aliyecheza mpaka kiatu kikamtoka. Tukacheka. Maji yakapoa, bado tunazungumza.